Raspberry Pi, skrini za zamani na waya wa VGA

Kuna shule moja Kadutu, juu kidogo ya soko, yenye chumba cha kompyuta kinachozidi vya vyuo vingi ninavyovijua hapa Bukavu. Hakuna kompyuta kubwa hata moja. Kila meza ina Raspberry Pi 4, kibodi, kipanya na skrini ya Dell ya inchi 17 iliyoingia mjini kama mtumba wa Ulaya. Mwalimu wa hisabati anafundishia GeoGebra, wa kemia anaonyesha molekuli zinazozunguka, na kwenye kona imewekwa Kiwix yenye Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili, watoto wanasoma bila kununua megabaiti hata moja. Chumba hicho ninakipenda, ndiyo maana yaliyokipata mwanzoni mwa 2024 yaliniudhi sana.

Prefe, yaani mkuu wa shule hiyo, alitaka mashine zote zihamie kwenye Raspberry Pi OS mpya, ile ya Bookworm iliyotoka Oktoba 2023. Alikuwa na haki, kivinjari cha zamani kilishaanza kukataa kurasa nyingi. Akaitwa fundi wa bei nafuu. Fundi akaandika upya kadi zote za memori, akazirudisha, akawasha. Skrini kadhaa zikabaki nyeusi. Zilizobaki zikaleta picha iliyovutwa kwenda juu, herufi zina ukungu, duara la GeoGebra linaonekana yai. Fundi akasema ni draiva ya grafiki. Akahangaika mchana kutwa, jioni picha zikarudi, akalipwa, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa hisabati alijaribu kuuzungusha mchemraba. Ukasogea kwa vipande, ukasimama, ukaruka. Molekuli za kemia hazikuzunguka kabisa. Bodi zikawa za moto kiasi cha kutoshikika. Prefe akachukua moja, akashuka nayo hadi kwa muuzaji mmoja wa Avenue Lumumba, naye hakuichomeka hata kwenye umeme. Akaigeuza, akaitazama, akatoa hukumu: "Papa Prefe, kadi ya grafiki iko imekufa. Zote zitakufa hivi hivi." Kisha akataja bei ya mpya.

Hapo ndipo ninapokasirika. Raspberry Pi haina kadi ya grafiki ya kufa peke yake. Kichakataji na sehemu ya grafiki vimo ndani ya chipu moja, BCM2711, na ikifa grafiki hutaona bodi ikiwaka na kufungua faili kama kawaida. Tena Pi 4 ya gigabaiti 4 ilitoka Juni 2019 kwa dola 55, na hapa mjini nimeshaulizwa mara mbili ya hiyo bila aibu. Muuzaji asiyetofautisha bodi iliyokufa na mpangilio mbaya hapaswi kumshauri mkuu wa shule atoe pesa za wazazi.

Prefe akanipigia simu. Nilipofika nikaandika amri moja tu:

glxinfo -B

Ikiwa mashine yako haina amri hiyo, sakinisha mesa-utils. Katika majibu tafuta mstari wa "OpenGL renderer". Pi 4 yenye afya inakuandikia V3D 4.2. Hizi ziliandika llvmpipe. Maana yake grafiki haifanyi kazi kabisa na kichakataji cha kawaida kinachora kila nukta kwa nguvu zake chenyewe, ndiyo maana bodi zilichemka na mchemraba ukakwama.

Nikafungua /boot/firmware/config.txt. Mbele ya mstari huu, kila mashine:

dtoverlay=vc4-kms-v3d

palikuwa na alama ya #. Mstari huo ndio unaoiita draiva. Fundi alikuwa ameizima draiva, akaiacha bodi ijichoree kwa njia ya zamani, na chini yake akabandika hdmi_group=2 na hdmi_mode=35, mistari ya kulazimisha 1280x1024 iliyonakiliwa kutoka maelekezo ya miaka ya nyuma. Picha zilirudi kweli. Ila alirudisha picha kwa kuiua grafiki, na hilo hakumwambia mtu.

Niseme wazi, kwa sababu nimeona "dawa" hiyo ikisambazwa kwa mafundi wa Nyawera hadi Panzi: usiweke # kwenye mstari huo. Draiva ya grafiki ya Raspberry Pi ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi ilivyo navyo. Mwaka 2014 Broadcom walimwajiri Eric Anholt aandike draiva huru ya chipu hizi, kazi yake ikaingia ndani ya kerneli ya Linux na ndani ya maktaba ya grafiki ya Mesa, na baadaye watu wa kampuni ya Igalia wakaiendeleza hadi Pi 4 ikapata Vulkan. Kazi ya miaka yote hiyo fundi anaizima kwa alama moja, halafu analaumu kadi.

Nikaondoa # kwenye mashine ya kwanza, nikafuta mistari ya hdmi, nikawasha upya. Skrini nyeusi. Prefe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Sasa umeirudisha kwenye ugonjwa," akasema. Nikamwambia, "Ndiyo, Papa Prefe, ili tuuone."

Kilichobadilika ni hiki. Zamani programu ya ndani ya chipu ndiyo iliyotawala skrini, na ndiyo iliyosoma hdmi_group, hdmi_mode, hdmi_force_hotplug na ndugu zake. Tangu toleo la Bullseye, Novemba 2021, kerneli ya Linux ndiyo inayotawala skrini, na mistari hiyo haiisomi. Unaweza kuiandika hata ukurasa mzima. Kerneli inaiuliza skrini yenyewe: wewe ni nani, unaweza ukubwa gani? Skrini hujibu kwa kifurushi kidogo cha data kinachoitwa EDID. Pasipo jibu, kerneli inakisia, na kisio lake haliendi juu ya 1024x768. Kwenye Dell ya 1280x1024 hilo ndilo lile duara lililokuwa yai.

Basi nitakupa hatua zangu kwa mpangilio.

Kwanza umeme. Andika vcgencmd get_throttled. Ukipata 0x0, endelea. Ukipata 0x50005, bodi ina njaa ya umeme sasa hivi na inajipunguza kasi. Ukipata 0x50000, iliipata njaa hiyo wakati fulani tangu iwashwe. Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3, na chaja ya simu iliyoandikwa 3A kwenye karatasi ya kubandika haitoshi. Nunua chaja yenye uzito mkononi.

Pili, kerneli. Linganisha jibu la uname -r na majina ya folda zilizomo /lib/modules. Yasipolingana, huenda umeme ulikatika katikati ya kusasisha, na draiva haiwezi kupakiwa kwa sababu haipo mahali inapotafutwa. Endesha sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt --fix-broken install. Hapa kwetu, ambapo mji umekaa juu ya mto Ruzizi wenye mitambo ya umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950 na bado umeme unakuja kwa zamu, usisasishe kamwe bila betri. Na ukishasasisha mashine moja kwa apt-get, mafaili ya .deb yako /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flash disk uyapeleke kwa mashine nyingine, megabaiti utakazookoa ni nyingi.

Tatu, achana na rpi-update. Imekusudiwa wanaojaribu kerneli ambazo hazijakomaa.

Nne ni waya, na hapa nitakaa.

Pi 4 ina matundu mawili ya HDMI ndogo. La jirani na tundu la umeme ndilo kerneli inaliita HDMI-A-1. Skrini za Kadutu ni Dell E178FP, zina VGA peke yake, kwa hiyo kati ya bodi na skrini kuna adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA, halafu waya wa VGA. Niliingia kwenye mashine nyeusi kutokea nyingine kwa ssh, nikauliza:

cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/status
cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/edid | wc -c

Jibu la kwanza: disconnected. La pili: 0. Kwenye mashine zenye picha ya kuvutika: connected, na 0 vilevile. Skrini za VGA za umri huo kwa kawaida hujibu baiti 128. Sifuri kwenye meza zote maana yake hakuna skrini hata moja iliyokuwa inasikika, na adapta nyingine zisipopata jibu la skrini haziiambii bodi kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Nikabadilisha adapta. Sifuri. Nikabadilisha skrini. Sifuri. Mwalimu wa kemia akaanza kusema habari za kumrudia muuzaji wa Avenue Lumumba. Ndipo nikaenda ofisini kwa prefe, nikachomoa waya wa skrini yake mwenyewe, ule uliokuja na kompyuta yake ya mezani tangu mwanzo, nikaurudisha chumbani na kuuchomeka. Skrini ikapepesa, ikatulia. 1280x1024, duara likawa duara. Nikaandika tena: 128. Watoto wa mwaka wa tano walikuwa wamejaa dirishani, wakapiga makofi.

Sasa tazama kichwa cha waya wa VGA. Kina safu tatu za pini tano tano. Hesabu safu ya juu 1 hadi 5, ya kati 6 hadi 10, ya chini 11 hadi 15. Rangi nyekundu, kijani na buluu zinapita pini 1, 2 na 3. Yale mazungumzo ya "wewe ni nani" yanapita pini 12 na 15, zote za safu ya chini. Pini 9 ikikosekana usijali, nyaya nyingi nzuri hazina. Lakini wako watengenezaji wanaookoa shaba kwa kutoziunganisha 12 na 15. Picha inapita, rangi zote zipo, muuzaji anakuonyesha dukani kwamba waya unafanya kazi, na ni kweli unafanya kazi kwa kompyuta isiyohitaji kuuliza. Ubaya ni kwamba pini unaziona kwa macho, zinang'aa kama nyingine, ila nyuma yake hakuna uzi. Nilipima kwa multimita, ncha moja kwenye 12 ya kichwa hiki, nyingine kwenye 12 ya kichwa kile. Kimya. Pini 15, kimya. Nyaya zote zilizonunuliwa pamoja na skrini zilikuwa hivyo, isipokuwa chache ambazo 12 ilipita na 15 haikupita, na hiyo ni sawa na bure.

Wauzaji wetu wanasifia unene. "Huu ni mnene, yaya, huu ni wa asili." Niliukata mmoja mnene ili nione. Unene ulikuwa wa plastiki. Nenda dukani na multimita yako, na muuzaji akikukataza kupima, rudisha waya mezani utoke. Wapo wanaokubali, na mmoja pale Kadutu sokoni sasa anapima mwenyewe kabla ya kuuza. Kwake ndiko ninakonunua.

Kununua nyaya mpya kwa chumba kizima hakukuwezekana, na prefe aliutaka waya wake urudi ofisini jioni ileile. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo ningetaka kila fundi wa mji huu alijue. Waya mmoja mzuri unatosha, kwa sababu jibu la skrini unaweza kulirekodi mara moja, ukaliweka ndani ya bodi, na bodi ikalisoma kutoka kwenye kadi ya memori badala ya kuuliza kupitia waya mbovu. Ukiwa bado na waya mzuri umechomekwa:

sudo mkdir -p /lib/firmware/edid
cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/edid > /tmp/dell.bin
sudo cp /tmp/dell.bin /lib/firmware/edid/

Hakikisha faili lina baiti 128 au 256, na kwamba linaanza na 00, kisha ff mara sita, kisha 00 tena. Amri ya hexdump -C itakuonyesha. Halafu fungua /boot/firmware/cmdline.txt. Faili hilo ni mstari mmoja tu, usibonyeze Enter popote. Mwisho wa mstari acha nafasi, uongeze:

drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/dell.bin video=HDMI-A-1:1280x1024@60D

Weka vyote viwili. Ile D ya mwisho inaiamuru bodi iamini kwamba skrini ya kidijitali ipo hata isipoisikia, na ndiyo inayoziba pengo la hdmi_force_hotplug ya zamani. Inasaidia pia umeme unaporudi ghafla, bodi ikawaka kabla ya mtu kuwasha skrini au projekta.

Nilipowasha na waya mbovu, bado. Kerneli ilikuwa imeandika kwenye dmesg kwamba kupakia edid/dell.bin kumeshindwa, kosa -2, yaani faili halipo. Nilikuwa nalitazama kwa macho yangu! Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye alama ya #. Sababu ni kwamba Bookworm inawaka kwa kupitia mfumo mdogo wa muda, initramfs, na ndani yake draiva inaweza kuamka kabla kadi ya memori haijafunguliwa. Inatafuta faili kwenye chumba ambamo faili halijaingizwa. Ikiwa unawasha kutoka kadi ya kawaida ya SD, kama sisi, mfumo huo wa muda huuhitaji. Katika config.txt weka # mbele ya auto_initramfs=1. Hiyo ndiyo # ninayoiruhusu.

Nikawasha tena na waya mbovu kabisa, ule nilioupima nikakuta pini zote mbili kimya. Picha safi. glxinfo -B: V3D 4.2. Mwalimu wa hisabati akakaa, akaushika mchemraba kwa kipanya, akauzungusha bila kusema neno, halafu akaugeuza upande wa pili. Skrini zote ni za aina moja, kwa hiyo faili lilelile lilikwenda meza hadi meza kwa flash disk, pamoja na mistari ileile. Kabla ya giza chumba kizima kilikuwa kinafanya kazi na prefe ana waya wake.

Kuna jambo nililolipata bila kulitafuta. EDID inabeba pia tarehe ya kuzaliwa ya skrini. Kwenye hexdump, mstari wa pili, jozi ya kwanza ni wiki na ya pili ni mwaka ukihesabu kutoka 1990, kwa hesabu ya kumi na sita. Yetu ilianza 16 12: wiki ya 22, mwaka 2008. Ukiwa na edid-decode itakuandikia kwa maneno kamili. Aliyeuza skrini hizo alimwapia prefe kwamba hazijafikisha miaka mitano. Nikamnakilia prefe mstari huo kwenye karatasi, akavaa koti, akaenda nayo. Sikuwepo kwenye mazungumzo, ila alirudi na nyaya mpya, na nilizipima hapohapo: pini 12 na 15 zinapita.

Nikaacha faili la EDID mahali pake hata baada ya nyaya nzuri kufika, na ninakushauri hivyohivyo, kwa sababu waya mzuri wa leo unavutwa na watoto kila siku. Tahadhari moja tu: skrini ikifa ukaweka ya aina nyingine, lifute faili hilo na uondoe ulichoongeza kwenye cmdline.txt kwanza, la sivyo bodi itaendelea kuongea na Dell isiyokuwepo, na skrini mpya inaweza kukuandikia kwamba ishara iko nje ya uwezo wake. Hilo likitokea ingia kwa ssh, au toa kadi uifungue kwenye kompyuta nyingine, cmdline.txt iko kwenye sehemu ambayo hata Windows inaisoma.

Faili la E178FP ninalo, pia nimeshakusanya ya skrini nyingine za mtumba zinazouzwa sana hapa mjini. Aliye Bukavu mwenye chumba cha shule kilichokwama aje na flash disk, na kama ana waya anaoutilia shaka aje nao pia, multimita iko.